Barua Zilizomlaumu Mpiga Piano

Wenzangu wa kazini nimeshawaandikia barua yao ya kustaafu kwa Kiswidi, ukurasa mmoja na nusu, ukasomwa kabla ya keki kukatwa. Hii ni yenu ninyi vijana wetu mnaoanza kazi katika mji huu, ambao tukikutana Jumapili mnaniuliza, "Shangazi, ulikuwa unafanya kazi gani hasa miaka yote hiyo?" Nikisema nilikuwa najibu barua za watu waliosikiliza santuri, mnatabasamu kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa kwamba kazi ya mwenzake ni kuhesabu mawingu. Basi niwaeleze. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaweza kuikisia wenyewe.

Nilifika Stockholm kutoka Bukoba mwishoni mwa miaka ya sitini, kwa udhamini wa kanisa, kusomea uhazili. Masomo yalipokwisha nilikuwa naandika Kiswidi vizuri kuliko ninavyokisema. Ofisi nilizokwenda kuomba kazi zilinisikiliza sentensi mbili, zikanishukuru kwa kuja. Mwishowe nilichukuliwa na kampuni ndogo ya kutengeneza santuri, iliyokuwa na karakana yake upande wa kusini wa mji. Pale karakanani hakuna aliyehitaji kusema neno, kwa sababu mashine zilisema kwa niaba ya wote.

Nilikaa Tensta, mtaa wa pembezoni mwa mji, chumba kimoja kwangu na kimoja kwa Wanjiru, Mkenya wa Nyeri aliyekuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini. Tensta ya wakati ule ilikuwa mpya mno. Majumba yalikuwa yameshapakwa rangi lakini njia hazijatengenezwa, tukawa tunapita juu ya mbao zilizotandazwa kwenye tope mpaka kituo cha basi. Basi lilitufikisha Spånga, na pale tukapanda treni. Nilibeba jozi ya pili ya viatu kwenye mfuko, na kwa viatu hivyo vya pili ndipo nilipoonekana mtu wa mjini.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Paavo, fundi wa mashine, Mfini mrefu mwenye nyusi nyeupe. Kiswidi hakikuwa lugha ya mama kwa yeyote kati yetu, kwa hiyo tulielewana haraka, maana kila mmoja alisema polepole na kutumia maneno yale machache aliyokuwa na hakika nayo. Alinionyesha jinsi bonge la plastiki nyeusi, laini na la moto kama ugali ulioepuliwa sasa hivi, linavyowekwa katikati ya kalibu mbili za chuma. Mashine inajifunga, mvuke unapiga kelele, maji baridi yanapita, mashine inafunguka, na santuri ipo. Kazi yangu ilikuwa kukagua. Nilivaa glavu za pamba, nikaiinamisha kila santuri chini ya taa kutafuta malengelenge na vumbi, na katika kila fungu nikachukua moja nikaipiga.

"Ukiipiga usitumie masikio tu," Paavo aliniambia. "Angalia mkono."

Mkono ni ule wa gramafoni, unaobeba sindano. Tundu la santuri likiwa katikati barabara, mkono unasogea ndani taratibu bila kutikisika. Tundu likikosea hata kwa unene wa unywele, mkono unayumba kushoto na kulia kila sahani inapozunguka, kama mtu anayekataa jambo kwa adabu. Sauti nayo inayumba pamoja nao, kidogo tu, kiasi kwamba mtu mwenye haraka hatambui. Baada ya ukaguzi kila mkaguzi alitia kijikaratasi chenye namba yake ndani ya jalada. Mimi nilikuwa namba saba.

Baada ya miaka michache pale karakanani, alikuja Märta kutoka ofisi ya juu akitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri. Märta alikuwa mkuu wa meza ya barua, na meza yenyewe ilikuwa na yeye peke yake. Aliwahi kufundisha kuimba shuleni, na alikaa wima kana kwamba darasa bado linamtazama. Waswidi ndiyo kwanza walikuwa wanaacha kuitana kwa vyeo na kuanza kusema "wewe" tu kwa mkubwa na mdogo. Mimi niliyelelewa nisimwite mtu mzima jina lake kavukavu nilishindwa kabisa. Nikawa namwita Mama Märta, naye kwa muda mrefu alidhani "mama" ni neno la Kiswidi nililolikosea.

Alinifundisha mambo ninayowaachia na ninyi. Barua isome mara mbili, mara ya pili ukiwa umesimama, kwa sababu ukisimama huwezi kukasirika kwa starehe. Mjibu mtu kwa uzito ule ule alioandika nao. Mzee mmoja alirudisha santuri ya kwaya akisema inamfanya mbwa wake aingie chini ya kitanda. Tulikaa nusu saa tukiitafakari, kisha tukamshauri aisikilize wakati mbwa ametolewa matembezini. Aliandika kushukuru, hakuwa amelifikiria hilo. Na fundisho lake kubwa kuliko yote lilikuwa hili: "Usimwambie msikilizaji kwamba hakusikia alichosikia. Amesikia. Kazi yako ni kujua ni nini."

Wiki yangu ya mwisho karakanani ndiyo tuliyotoa santuri ya fidla na piano. Mpiga fidla alikuwa Henrik, mtu wa makamo, anayejulikana, mwenye skafu shingoni hata ndani ya nyumba. Mpiga piano alikuwa Ingela. Hakuwa ametimiza miaka thelathini, na hiyo ilikuwa santuri yake ya kwanza. Asubuhi moja ya wiki hiyo nilipata barua kutoka nyumbani, ya kwanza baada ya miezi mitatu. Mama alikuwa amemwambia mdogo wangu maneno, mdogo wangu akayaandika kwa penseli. Niliiweka mapajani chini ya meza ya ukaguzi nikaisoma mara nne. Mafungu ya santuri yalipita mbele yangu. Niliyaangalia kwenye taa, nikatia vijikaratasi vyangu, na sikupiga hata moja.

Barua za wasikilizaji zilianza kuja majira ya vuli, wakati mimi tayari nipo juu kwa Märta. Zilikuwa nyingi kuliko tulivyozoea, na karibu zote ziliisifu fidla. Mwalimu mmoja wa shule kutoka Luleå aliandika kwamba pale katika kipande cha polepole fidla inaposhikilia noti ndefu, sauti inatetemeka kama ya mtu anayezuia machozi, na kwamba amekaa jikoni kwake akalia kwa niaba yake. Ni mwalimu huyo huyo aliyeandika, katika aya iliyofuata, kwamba piano imeharibu kila kitu. Alisema inasikika kama imelowa maji, na anayeipiga ama hana masikio ama hana aibu.

Kuhusu piano barua ziligawanyika. Wengine walisema ni safi, imetulia, inaibeba fidla bila kuisukuma. Wengine walisema haikupangwa sauti, inapepesuka, inatia kichefuchefu. Nilidhani ni tofauti za kawaida za watu. Niliandika muhtasari kwa mashine, kama nilivyofunzwa, nikaweka sentensi moja fupi: baadhi ya wasikilizaji wanalalamikia piano. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa haraka aliyesoma muhtasari tu. Aliisoma sentensi hiyo, na wiki hiyo hiyo ikasemekana kwamba santuri ya pili ya Henrik itatafutiwa mpiga piano mwingine.

Ingela alikuja ofisini kwetu mwenyewe. Hakuvua koti. "Naomba nizisome," akasema.

Märta alimtazama kidogo, kisha akamsogezea sanduku. Ingela alisoma amesimama, bila mtu kumfundisha. Alipofika kwenye ile ya Luleå aliisoma polepole, akairudisha mahali pake.

"Piano ilipangwa sauti asubuhi ile ile," alisema. "Nilikuwepo. Niliisikiliza kila noti." Alifunga kitufe cha koti kilichokuwa kimeshafungwa. "Lakini watu wote hawa hawajuani. Hawawezi kukubaliana kudanganya. Labda masikio yangu ndiyo mabovu, na hakuna aliyethubutu kuniambia."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekadiria atafanya kazi gani nyingine.

Siku mbili baadaye ilifika barua kutoka kisiwani Gotland, ya mpiga kinanda wa kanisa. Hakusifu wala kulaumu. Aliandika kwamba amechukua kile kichuma cha kupimia sauti, amekaa na saa yake ya mkononi, na amegundua kwamba noti ya piano inapanda na kushuka mara moja kila sahani inapozunguka mara moja. "Hakuna binadamu anayepiga vibaya kwa utaratibu kiasi hicho," aliandika. "Tafadhali chunguzeni mashine zenu." Alikuwa ametuma na kijikaratasi kutoka ndani ya jalada. Namba saba.

Nilisubiri Märta atoke kwenda kula, nikazitandaza barua zote sakafuni. Upande mmoja niliweka walioisifu piano, upande wa pili walioilaumu. Wengi walikuwa wameambatanisha kijikaratasi, maana ndivyo jalada lilivyowaelekeza. Walioisifu walikuwa na namba mchanganyiko. Walioilaumu, kila mmoja, alikuwa na namba saba. Niliichukua santuri moja iliyorudishwa, nikaiweka kwenye gramafoni, nikaangalia mkono. Uliyumba kushoto, ukayumba kulia, kwa adabu.

Nilizirudisha barua sandukuni na nikafanya kazi mpaka saa ya kutoka. Sikumwambia mtu.

Nyumbani nilimkuta Wanjiru ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto baada ya zamu. Nilimweleza yote, na barua ya mama nikaitaja. Kibali changu cha kukaa kilikuwa kinategemea kazi ile, naye alijua kitaangaliwa upya majira ya kuchipua.

"Sikiza, Koku," alisema. "Huyo msichana ana passport yao. Akikosa santuri moja atapata ingine. Wewe wakikufuta kazi, utarudi na nini? Si unyamaze tu. Hata hao wenyewe hawajajua."

"Huyo wa Gotland amejua."

"Amejua ni mashine. Hajajua ni wewe."

Nilikuwa nimeibeba ile santuri kwenye mfuko wa viatu. Wanjiru akataka aisikie, kwa sababu, alisema, hawezi kutoa shauri la kitu asichokijua. Tuliipiga kwenye kigramafoni chake. Alisikiliza kipande chote cha polepole, maji yakapoa miguuni.

"Fidla ni nzuri," alisema mwishoni. "Inalia vizuri. Hiyo piano ni kama mgonjwa anajaribu kutembea." Kisha akanigeukia. "Na unasema hana kosa?"

"Hana."

Alitoa miguu kwenye beseni, akaikausha mmoja mmoja. "Basi mimi nimemsema vibaya sasa hivi, na sijawahi kumwona," alisema. "Wewe enda kaseme. Lakini vaa ile koti nzuri."

Asubuhi nilivaa koti zuri. Märta alikuwa hajakaa nilipomwambia, kwa sababu nilihofia akikaa nitashindwa. Nilimwonyesha vijikaratasi, nikamweleza habari ya barua niliyoisoma chini ya meza. Hakunikatiza. Nilipomaliza alimimina kahawa vikombe viwili, akanisogezea kimoja.

"Kunywa kwanza," alisema. "Tunashuka kwa Paavo, halafu tunapanda kwa mkurugenzi. Hatupandi mikono mitupu."

Paavo aliichukua ile santuri, akaigeuza, akaipima kwa lenzi yake. Masikio yakamwiva. Alieleza kwamba siku ile kalibu ya kwanza ilichakaa katikati ya kazi, akaweka ya pili, na tundu la ile ya pili alilitoboa mwenyewe, kwa haraka. Ndiyo maana si santuri zote zilizokuwa mbovu. Mafungu yaliyofuata yakaangukia meza yangu. "Nimekosa mimi kwanza," alisema. "Wewe umekosa wa pili." Halafu akatueleza jambo ambalo Märta alilielewa kabla yangu. Mpiga fidla hutetemesha kidole kwenye uzi makusudi, ili sauti iwe na uhai. Santuri ikiyumba, sikio linadhani ni kidole chake. Piano haiwezi kutetemesha noti, kwa hiyo ikiyumba, sikio linasema ni mbovu. Kosa lilikuwa moja. Mmoja amesifiwa kwalo, mwenzake ametukanwa.

Tulipanda watatu. Mkurugenzi alisikiliza akigonga penseli mezani, akauliza mara mbili kama tuna hakika. Kisha akatoa amri. Santuri zote za namba saba zibadilishwe, kila aliyelalamika aandikiwe kwa mkono, Paavo atoboe kalibu mpya mbele ya shahidi. "Na huyu," alisema, akinielekeza penseli, "abaki kwenye barua. Asiguse tena mashine." Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yangu, nami nimeitumikia mpaka kustaafu.

Ingela niliomba nimwambie mwenyewe. Alikuja, safari hii akavua koti. Nilimweleza nikiwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Alipoelewa alifumba macho, mabega yakashuka.

"Kwa hiyo masikio yangu ni mazima," alisema.

"Ni mazima. Mimi ndiye niliyekosa. Nisamehe."

"Ulikuwa unasoma nini siku ile?"

"Barua ya mama yangu."

"Ilisemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia: kwamba kahawa imechanua, kwamba mguu wake umepona, kwamba nisipende kutoka kichwa wazi kwenye baridi. Ingela aliitikia kwa kichwa kila jambo, kama anayesikiliza noti moja moja. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Mama yako anasema kweli kuhusu baridi," akanishika mkono, akaenda zake.

Henrik tulimwogopa zaidi. Tulikuwa tumeanza kutuma santuri mpya, na baadhi ya wasikilizaji walijibu kwamba piano sasa ni nzuri lakini fidla imepoa. Wawili waliomba warudishiwe ya zamani. Alipopata habari alikuja na skafu yake, akakaa kwenye kiti changu, akasoma barua zote za sifa kutoka kwa watu wa namba saba. Ilimchukua saa nzima.

"Kwa hiyo wamelilia tundu," alisema.

Märta akamwambia ndiyo, kwa sehemu.

Alizipanga barua zikalingana pembe. "Mimi nilikuwa chumbani tuliporekodi," akasema. "Nilijua piano ilikuwa sawasawa. Walipoanza kumlaumu ningeweza kusema neno moja tu. Nikanyamaza, kwa sababu barua zangu zilikuwa tamu." Akatutazama, mimi na Märta. "Mlikuwa na la kupoteza zaidi yangu, na mmesema kabla yangu." Alitoka pale moja kwa moja mpaka kwa mkurugenzi. Hatukusikia walichozungumza, ila santuri ya pili aliirekodi na Ingela, na ya tatu pia.

Kibali changu kilipoangaliwa upya, Märta aliandika barua ya kunitetea iliyokuwa ndefu na kavu, isiyo na neno moja la kupamba. Nimeandika barua nyingi tangu siku hiyo. Sijawahi kuandika nzuri kama ile. Paavo kila mwaka aliniletea mkate mweusi wa kwao siku ambayo hakuwahi kueleza ni siku ya nini. Watu hawa wameshatutoka. Niliwashukuru wakiwa hai, ila si mara za kutosha.

Barua ya mwisho katika jambo lile ilitoka Luleå. Mwalimu yule alikuwa ameisikiliza santuri mpya mara mbili. Aliandika kwamba amemhukumu mtu asiyemjua kwa kosa lisilo lake, na kwamba mbele ya wanafunzi wake asingeruhusu jambo kama hilo. Aliomba tumpelekee mpiga piano barua ile pamoja na jina lake kamili, ili ajue ni nani hasa anayemwomba radhi.

Nilimpelekea Ingela nyumbani kwake siku ya Jumamosi mchana. Aliisoma mlangoni, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni. "Ingia," alisema. "Viatu hapo." Sebule ilikuwa ndogo na piano ilikuwa imekula nusu yake. Alinionyesha kiti karibu na dirisha, akakaa, akapiga kile kipande cha polepole, sehemu ya piano peke yake, bila fidla, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mahali ambapo fidla ingeimba palibaki wazi, naye alingoja pale kwa subira, kisha akaendelea. Kila noti ilitulia mahali pake mpaka ilipokwisha yenyewe.

Alipomaliza aligeuka. "Unasemaje?" aliuliza.

Nilikuwa nimesoma maoni ya wasikilizaji kwa wingi kiasi hicho, na sentensi zao nzuri nilizijua kwa moyo. Hakuna hata moja iliyokuja. Nilisema "asante", na nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswidi chote kilikuwa kimenitoka. Ingela hakuuliza maana yake. Alifunika piano, akaenda kutuwekea kahawa.